Kwa Nini Tunagombania Ukoko

Hotuba hii niliitoa jioni moja Shangani, Mji Mkongwe, mbele ya vijana wanaosomea muziki na wazee wa vikundi vya taarabu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa marudio tu.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mliokuja na fidla zenu mabegani, nakushukuruni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya Farrokh Bulsara, yule ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen. Kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Akapelekwa skuli Bara Hindi angali mdogo, akarudi, na mwaka 1964 aila yake ikahamia Uingereza. Mengine mnayajua, na asiyeyajua kuna makumbusho yake hapa hapa Shangani tangu 2019. Najua humu ndani wamo ambao maisha yake hawayaafiki, na wamo wanaojivunia jina lake bila kuujua muziki wake. Leo sikuja kwa hilo wala kwa lile. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi yake, na khasa ile sehemu ya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuitoa.

Wanamuziki wakubwa wa roki wana jambo moja ambalo sisi hatunalo. Mtu akishatoa albamu zake zote, na wakati mwingine akishakufa, kampuni hurudi ghalani na kukusanya yaliyobaki: nyimbo zilizoachwa nje, rasimu alizoimba na piano moja tu, majaribio yaliyokatika katikati, mazoezi ya usiku. Hayo yote hutiwa ndani ya sanduku moja zuri, likawekwa na kitabu cha picha, likauzwa ghali kuliko albamu yenyewe. Na watu wananunua. Bruce Springsteen wa Marekani alitoa sanduku la namna hiyo mwaka 1998, CD 4 zenye nyimbo 66. Mwaka 2025 akatoa jingine, albamu 7 nzima alizokuwa amezifungia, nyimbo 83. Mtu alikaa na albamu saba kabatini!

Kabla hatujaanza, kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni: "Mzee, kama nyimbo zilikuwa nzuri, mbona aliziacha?" Mwanangu, hilo ndilo swali lenyewe. Ngoja nilijibu kwa njia ya jikoni.

Mmeuona wali wa nazi ukipakuliwa siku ya shughuli. Wageni wanapelekewa sinia, wali mweupe, punje mojamoja, mchuzi pembeni. Huku jikoni watoto wameizunguka sufuria. Wanangoja ukoko. Mwenye nguvu anaukwangua kwa upawa, mdogo analia, bibi anaugawa kwa mkono ili pasiwe na ugomvi. Umeungua kidogo, umeshika tui na chumvi, unalia kwenye meno. Hakuna mpishi anayeupeleka ukoko barazani kwa mgeni, ataona haya. Lakini ukimwona mtu mzima anauomba ukoko, jua huyo ni mtu wa nyumba ile. Sinia la wageni, ukoko wa wenyewe.

Basi mimi naamini anayenunua sanduku la masalio, hicho ndicho anachokinunua: ruhusa ya kuingia jikoni.

Mpwa wangu anaishi Uingereza. Mwaka 2001 alikuja likizo, akafungua begi, akatoa kitu kizito kilichofungwa ndani ya shuka. "Mjomba," akaniambia, "nimekuletea Mzanzibari mwenzako." Lilikuwa sanduku la nyimbo ambazo Freddie Mercury aliziimba peke yake, nje ya kundi lake la Queen. Lilikuwa limetoka mwaka 2000, miaka 9 baada ya kufa kwake, lina CD 10 na DVD 2. Ndani yake kuna albamu zake zilizojulikana, lakini kuna CD tatu nzima za masalio.

Mimi ni fundi wa sauti. Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya kioo nikiwasikiliza watu wakiimba. Nilizivuka zile nilizozijua, nikaanza na hizo tatu. Ilikuwa usiku, umeme ulikuwepo, nyumba imelala. Nikavaa spika za masikioni.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni wimbo wa albamu yake ya 1985 uliovuliwa vyombo vyote. Ngoma hakuna, gitaa hakuna, kimebaki koo tupu. Na koo hilo si moja. Ni yeye juu ya yeye juu ya yeye: sauti ya chini ni yake, ya katikati ni yake, ya juu kabisa ni yake. Studio za enzi zile zilikuwa na utepe wa inchi 2 wenye njia 24, kila njia inarekodiwa peke yake, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kujijengea kundi zima la waitikiaji. Nilikuwa nikilijua jambo hilo kama fundi. Kulisikia ni kitu kingine. Unasikia pumzi zote zinavutwa pamoja kabla ya neno, mtu mmoja anavuta pumzi mara sita kwa wakati mmoja. Kwenye wimbo uliokamilika pumzi hizo zimefunikwa na ngoma.

Halafu nikafika kwenye zile za Barcelona. Nataka tutulie hapa kidogo.

Mwaka 1987 alikutana na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Uhispania, mjini Barcelona, na mwaka uliofuata wakatoa albamu pamoja. Mwenzake katika kutunga alikuwa mpiga piano Mike Moran. Sasa bibi yule alikuwa na ratiba ya majumba ya opera ya dunia nzima, hakuwa na nafasi ya kukaa studio mwezi mzima akijaribujaribu. Ikabidi wimbo umfuate. Freddie akaingia studio akaimba sehemu yake mwenyewe, kisha akaimba na sehemu ya Caballé, sauti nyembamba ya juu kabisa, ili bibi apelekewe kanda na ajifunze wapi pa kuingia na wapi pa kunyamaza.

Kanda ya namna hiyo imo kwenye sanduku. Ni mwanamume mzima anaimba sehemu ya soprano, ile sauti ya juu ya kike, na hafanyi mzaha hata chembe. Anaogopa kuikosea heshima sauti ya mwenziwe. Anapofika pa juu unasikia sauti inakuwa nyembamba kama uzi, lakini haiachii, anataka Caballé asikie kwamba hapa ndipo anapotakiwa apande.

Wazee wangu, mnamjua mtu huyo. Mmemwona klabuni. Ni yule mtunzi wetu wa sauti, hana koo la kuimbia jukwaani, anakaa kwenye kiti cha mbao mbele ya mwimbaji na udi pajani, anamwimbia mstari mmoja kwa sauti yake ya kikohozi: "Hapa shuka. Sasa ngoja fidla ijibu. Sasa ingia." Nimemwona mara elfu. Na usiku ule, nikiwa na spika masikioni, ndipo kwa mara ya kwanza nilipohisi kwamba Farrokh ni mtu ninayemjua. Zile nyimbo zake kubwa zinazojaza viwanja vya mpira sikupata kumwona ndani yake. Nilimwona pale alipokuwa akimfundisha mtu wimbo.

Sasa nirudi kwa kijana wetu: mbona aliziacha? Kwa sababu anayefanya kazi hajui alichonacho mkononi. Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, Juni 1965 aliingia studio New York kurekodi wimbo ambao wengi wanauita mkubwa kuliko zote za roki, "Like a Rolling Stone". Walihangaika nao siku mbili. Siku ya kwanza waliupiga kwa mwendo wa tatu-tatu, ule wa waltz. Siku ya pili wakabadilisha mwendo, na jaribio la nne ndilo lililotoka kwenye santuri, ndilo tunalolisikia mpaka leo. Lakini wao hawakusimama hapo. Wakaendelea kuupiga tena na tena, wanatafuta kitu ambacho tayari kilikuwa kwenye utepe. Mwaka 2015 majaribio yote yale yalitolewa, CD nzima ya wimbo mmoja. Kusema kweli inachosha. Lakini ukifika pale walipokwisha kuupata, nao wanaendelea kutafuta, unataka kuwapigia kelele kupitia miaka hamsini: "Basi! Ndiyo hiyo!"

Msifikiri kampuni zinafungua maghala kwa mapenzi matupu. Watu wa mitaani ndio waliotangulia. Mwaka 1969 Marekani ilitoka santuri ya wizi ya nyimbo za Dylan ambazo hazijatolewa, jalada jeupe lisilo na maandishi, ikauzwa madukani kwa siri. Kampuni zikaona kwamba kile walichokiita taka kina wenyewe. Tena ikaja sheria. Ulaya waliongeza haki ya rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rekodi iliyolala ghalani bila kutolewa ndani ya ile miaka 50 haipati nyongeza hiyo. Ndiyo maana mwaka 2012 zikatolewa nakala 100 tu za CD za rekodi za zamani za Dylan, ili isemwe zimetoka, na mwaka 2013 zikatoka nyimbo 59 za Beatles, lile kundi la Uingereza, kabla mwaka haujafunga. Na mwaka 2023 mali za Freddie zilipopigwa mnada London, karatasi alizoandikia rasimu ya wimbo wake "Bohemian Rhapsody" ziliuzwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Kwenye karatasi moja aliandika kwanza "Mongolian", akalikata, akaandika "Bohemian" juu yake. Neno lililokatwa ndilo lililozungumzwa dunia nzima.

Nina jambo linalonikera, na nitalisema. Sanduku lile la mwaka 2000 Freddie hakuliona. Hakuulizwa. Mwenye kazi aliyekufa hawezi kusema "hii iacheni." Na yapo masanduku ambayo ni uroho: wimbo uleule mara saba, tofauti ni sekunde nne za ngoma mwanzoni. Masikini mwenye mapenzi analipa mshahara wa mwezi. Hilo silitetei. Lakini kila nikilifikiria naishia pale pale: mtu alizitunza zile kanda. Aliandika tarehe kwenye boksi, akaziweka pakavu, hakuzitupa. Mwaka 1983 Freddie aliimba na Michael Jackson nyumbani kwa Michael, California, wimbo haukumalizika, kila mmoja akashika njia yake. Kanda ikakaa. Mwaka 2014 ikatoka, miaka 31 baadaye, wote wawili wameshafariki.

Mwaka 1983. Kumbukeni mwaka huo, nitaurudia.

Kwanza Siti. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote hii. Masalio ya Siti yako wapi? Hayapo, na hayawezi kupatikana. Zama zile sauti ilichongwa juu ya sahani ya nta. Nta ni laini. Ukiichezesha ili usikilize, sindano inaiharibu, kwa hiyo waliimba, wakaomba Mungu, ikapelekwa kiwandani. Na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua dakika 3 hivi. Nyinyi mnajua wimbo wa taarabu ukiachiwa unakwenda muda gani, watu wakimtunza mwimbaji pesa, naye akirudia. Ule ukubwa wote ulikatwa ukatiwa ndani ya dakika 3. Nikisikiliza santuri za Siti nasikia sinia tu. Jikoni kwa Siti hakuna anayeweza kuingia tena. Hilo ni la nta, halina wa kulaumiwa.

La kwangu linaye wa kulaumiwa.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 22, fundi mdogo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kanda zilikuwa shida, riili mpya haziji, kipindi cha kesho kinataka kanda leo. Utaratibu ulikuwa huu: wimbo uliokamilika unahifadhiwa, mazoezi yanafutwa. Siku hiyo nikapewa riili kubwa, ya saa moja na dakika chache, ubavuni imeandikwa kwa kalamu ya risasi: mazoezi. Mkubwa wangu akasema, "Wimbo wenyewe tunao. Hii safisha."

Kabla ya kusafisha nilisikiliza. Nilikuwa na tabia hiyo. Ganuni inatafutwa sauti, mtu anapita na vikombe vya kahawa vinagongana. Wanaanza. Bibi mwimbaji anaimba beti moja, anasimama. "Subirini, hapo nimeteleza." Wanaanza tena. Anasimama tena: "Wewe wa fidla unanikimbilia. Unakwenda wapi?" Wanacheka wote, na mpiga fidla anacheka kuliko wote. Mara ya tatu wakaenda mpaka mwisho. Na mwisho wa beti ya mwisho, pale ambapo kwenye wimbo uliohifadhiwa sauti yake inashuka na kutua, siku ile haikushuka. Ilipanda. Ilipanda ikakaa juu, vyombo vikamwacha peke yake kwa sababu hawakujua anakwenda wapi, kisha akarudi mwenyewe taratibu, na fidla ikampokea. Kukawa kimya. Halafu sauti ya mtu, nadhani mpiga dumbaki: "Ee Mola."

Nikarudisha kanda mwanzo. Nikabonyeza kitufe chekundu. Juu yake ikarekodiwa taarifa ya mambo ya kilimo.

Sikuhuzunika siku ile. Nilikuwa kijana na nilikuwa na kazi ya kumaliza. Nilihuzunika mwaka 2001, saa saba za usiku, namsikiliza mtu aliyezaliwa mji huu huu akiimba sehemu ya mwanamke kwa ajili ya kanda ya mazoezi, kanda ambayo kule kwao hakuna aliyethubutu kuifuta. Nilivua spika nikakaa. Mke wangu aliamka akaniuliza nina nini, nikashindwa kumwambia.

Yule bibi ameshatangulia mbele ya haki, na wengi wa waliokuwa chumbani siku ile. Wimbo uliohifadhiwa bado unapigwa, mnaupenda, na mimi naupenda. Ila kila ukifika beti ya mwisho na sauti ikaanza kushuka, mimi pekee humu duniani ndiye ninayejua kwamba kulikuwa na njia nyingine. Na siwezi kuwaimbieni. Sina koo.

Mwaka jana alinijia kijana wa Kikwajuni na bati la biskuti. Baba yake alikuwa mpiga fidla. Siku za mazoezi alikuwa akiweka redio kaseti ndogo chini ya kiti chake, ajirekodie, akajifunze nyumbani. Bati lilikuwa na kaseti 11. Tatu zimeota ukungu, moja utepe umekatika na nimeuunga kwa mkono. Nilizisikiliza zote, natafuta siku ile. Haimo. Nilitamani sana iwemo.

Lakini kundi ni lile lile, chumba ni kile kile, na bibi ni yule yule. Nimekuja na moja. Mwanangu, hebu zima hiyo feni. Mlango uache wazi, hakuna neno, hata kwenye kaseti wenyewe mlango uko wazi, mtasikia jogoo. Sauti si nzuri: fidla iko mbele kuliko wote kwa kuwa mashine iko miguuni pake. Msingoje wimbo. Kwa dakika nne za mwanzo hakuna wimbo.

Hapo nilibonyeza. Ukasikika mvumo wa utepe, kiti kikaburutwa, jogoo. Ganuni ikaguswa uzi mmoja, ikageuzwa ufunguo, ikaguswa tena. Mtu akaomba maji. Bibi akaimba maneno mawili kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, akaacha, na mtu akamwambia kitu kisichosikika vizuri, na mwengine akacheka, kicheko cha ndani kinachoanza na kukohoa.

Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyanyua mkono.

"Rudisha," akasema. "Huyo anayecheka. Rudisha hapo."

Nikarudisha.